Jioni Njema kwa Bibi wa Jukwaa la Pili

Jumatano, tarehe 14 Oktoba 1992, saa kumi na mbili na robo jioni, treni kutoka London ilisimama katika stesheni ya Wickham Vale. Doreen Tranter alikuwa kwenye jukwaa la pili, amevaa joho la kulalia la buluu na ndara za manyoya. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Milango ya mabehewa ilifunguka, wanaume wenye makoti na mikoba wakashuka, wakampita mmoja baada ya mwingine.

"Jioni njema, Bi. Tranter. Afadhali mvua imekatika."

"Afadhali kweli," alijibu Doreen, macho yake yakiendelea kupekua mabehewa ya nyuma.

Hakuna aliyemuuliza anamngoja nani, kwa kuwa wote walijua. Mumewe, Keith, alishuka kwenye treni hiyo kwa miaka kumi na tisa, hadi mwezi Machi alipohamia Reading kuishi na mwanamke aliyefanya kazi mapokezi kwa daktari wao wa meno. Tangu hapo Doreen alikwenda stesheni karibu kila jioni. Treni ikishaondoka alirudi nyumbani, akabadili nguo, akapika. Mchana alikuwa mzima kabisa. Alifanya kazi maktaba, alilipa bili kwa wakati, na miti ya ua wake ilikatwa ikanyooka kuliko ya jirani yeyote. Wickham Vale nzima ilikuwa imekubaliana, bila mtu kumwambia mwenzake, kwamba mambo ya jioni hayapo. Huo ndio uungwana waliouweza. Hawakumshika mkono wala hawakumcheka. Walizungumza naye habari za mvua.

Ng'ambo ya reli, mwanawe Russell, kijana wa miaka ishirini, alikuwa akishusha spika kwenye gari pamoja na Adrian Scaife. Russell alipiga gitaa na Adrian aliimba.

"We Russ, yule si mama yako?"

"Anapunga hewa."

"Na joho la kulalia?"

"Shika upande wako bwana, kitu chenyewe kizito."

Adrian akashika. Hakuuliza tena, na Russell akadhani ni adabu.

Bendi yao iliitwa The Privets, jina la mti wa uzio uliopandwa mbele ya kila nyumba katika mitaa ile. Walikuwa wanne. Clive Monkton, mpiga ngoma, aliuza mazulia kwenye duka la mjomba wake. Hazel Pruett, mpiga besi, alisomea ualimu. Adrian, mtoto wa wakili, hakufanya kazi yoyote na hakuona haya kusema hivyo. Walifanya mazoezi kwenye gereji ya akina Russell, mahali lilipokuwa likilala gari la Keith, na Doreen aliwaletea chai na biskuti. Alibisha hodi kabla ya kuingia kwenye gereji yake mwenyewe.

Miaka mitatu walipiga katika vyumba vya nyuma vya baa mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa ndugu zao. Walipiga vizuri. Tatizo lao lilijulikana, na mwandishi mmoja wa gazeti la muziki alilieleza kwa sentensi moja: hawa vijana hawajawahi kupatwa na jambo lolote. Adrian aliikata sentensi hiyo akaibandika ndani ya kasha la gitaa.

Walikuwa na sheria moja, waliyoitunga wakiwa bado shule. Wimbo mpya ukishapigwa mara ya kwanza, walikwenda baa, wakaketi meza ya pembeni, na kila mmoja akaweka mbele yake ile kadi nene ya kuwekea glasi ya bia. Asiyeutaka wimbo aliigeuza kadi yake. Kadi moja ikigeuzwa, wimbo umekufa, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza kwa nini. Nyimbo nyingi zilikufa hivyo. Watu ambao wasingeweza kuambiana usoni kwamba kitu ni kibaya waliona sheria hiyo ni nzuri mno.

Januari, Adrian alikuja gereji na wimbo mpya. Aliuita "Jukwaa la Pili". Ulikuwa juu ya mwanamke mwenye joho la buluu anayengoja treni ya mume aliyekwisha kuhama. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa polepole, wa pili ulikuwa wa dhihaka, na kiitikio kilikuwa kirahisi kiasi kwamba mtu alikijua kabla hakijaisha:

Jioni njema, bibi, jioni njema,
afadhali mvua imekatika.

Walipomaliza, Clive alibaki ameshika vijiti hewani. Hazel alimtazama Russell. Russell alitazama nyaya sakafuni. Jambo la kwanza alilolitambua, na baadaye hakuweza kulikana, ni kwamba huo ulikuwa wimbo bora kuliko zote walizowahi kutunga, na gitaa alilokuwa amelipiga papo hapo, bila kufikiri, ndilo lililoufanya uwe bora.

"Hayo maneno umeyatoa wapi?" aliuliza.

"Nilikwenda kusimama pale. Wiki nzima hivi," Adrian alisema. "Wanasema maneno yaleyale kila siku, unajua? Kama wamefundishwa. Sikuongeza kitu."

"Ni mama yangu, Adrian."

"Najua ni mama yako. Sikiliza, mzee. Huzuni ya mama yako ndiyo kitu pekee cha kweli kilichowahi kutokea mji huu. Wewe umeishi nayo nyumba moja ukatuandikia nyimbo za baiskeli. Nichukie ukitaka. Kadi unayo."

Wakati huo ndipo Doreen alipobisha hodi na sinia la chai. Russell angeweza kunyamaza. Badala yake alisema, "Mama, tuna wimbo mpya. Hebu tuambie kama ni sawa." Alisema hivyo mbele ya wageni watatu wenye vikombe mkononi. Alimjua mama yake. Doreen hakuwahi kumnyima mgeni kitu wala kumwambia mtu yeyote, mbele ya watu, kwamba amemuudhi. Hata Keith alipokuwa akifunga masanduku, Doreen alimuuliza kama atahitaji sandwichi za njiani.

Wakaupiga wote, toka mwanzo hadi mwisho. Doreen alisimama karibu na mlango, sinia amelikumbatia kifuani. Kiitikio kilipofika mara ya pili alianza kutikisa kichwa kidogo, kufuata mapigo, kama mtu afanyavyo kwenye tamasha la shule.

"Mzuri sana," alisema walipomaliza. "Ni wimbo wa kukaa kichwani. Adrian, umeimba vizuri. Kuna anayetaka maziwa zaidi?"

Akatoka, akaufunga mlango polepole.

"Haya," alisema Adrian. "Mwenyewe ameridhia."

Jioni hiyo baa ilikuwa tupu. Kadi nne ziliwekwa mezani. Zilikaa muda mrefu kuliko kawaida. Clive alimaliza bia yake, akaenda kununua nyingine, akarudi, kadi zikiwa vilevile. Hazel alikuwa ameweka kidole juu ya ukingo wa kadi yake, na kwa mwaka mzima uliofuata alijiambia kwamba hakuigeuza kwa sababu haki ya kugeuza ilikuwa ya Russell, na kumtangulia kungekuwa ni kumuaibisha. Clive alifikiri hivyohivyo. Russell alifikiri kwamba kama jambo lenyewe lingekuwa baya kweli, mmoja wao angegeuza.

"Basi," alisema Adrian, akazikusanya kadi zote nne, akazipanga. "Tuna wimbo."

Mambo yalikwenda haraka. Mtangazaji wa redio wa usiku aliupiga mara mbili mfululizo, kitu asichokuwa na kawaida ya kukifanya. Kampuni ndogo ya kurekodi ya London iliwachukua, na pamoja nayo meneja, Fenella Croft, mwanamke mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kusahau majina. Lile gazeti la muziki liliwaweka ukurasa wa mbele, na mwandishi yuleyule akaandika kwamba hatimaye vitongoji vya Uingereza vimepata sauti yao. Agosti wimbo uliingia chati. Septemba walikuwa namba sita, na walionekana kwenye televisheni, Adrian akiwa amevaa joho la buluu juu ya suti. Hilo halikuwa limepangwa na yeyote ila yeye.

Kila mwandishi aliuliza kama mwanamke huyo yupo kweli. "Yupo," Adrian alijibu. "Nendeni mkamwone. Ila mwe na adabu."

Walikwenda. Vijana kutoka Kingston, kutoka Croydon, baadaye hata kutoka Leeds, walishuka Wickham Vale na majoho ya kulalia mikobani, wakayavaa chooni, wakasimama jukwaa la pili kupiga picha. Walikuwa na adabu. Waliokota takataka zao. Treni ya saa kumi na mbili na robo ilipofika, wakawaimbia wanaume wenye mikoba, "Jioni njema!" na baadhi ya wanaume wakapunga mkono.

Doreen aliacha kwenda stesheni jioni. Mtu aliyetazama kwa juu juu angesema amepona. Russell, aliyekuwa akiishi sasa kwenye chumba cha kupanga Camden na akipiga simu Jumapili, alisema hivyo kwa Hazel. Walikuwa nyuma ya steji huko Sheffield, wakingoja kuitwa.

"Amepona nani?" Hazel alisema. "Russ, mara ya mwisho umekwenda kwenu lini?"

"Tuko njiani kila siku, unajua."

"Mimi nilikwenda wiki iliyopita kumwona shangazi yangu. Mama yako akitoka mjini anashuka stesheni inayofuata, anarudi nyumbani kwa miguu. Na mifuko ya sokoni mkononi."

"Kwa sababu ya wale watoto?"

"Watoto wanaondoka. Ni majirani. Nilikuwa naye kwenye foleni ya posta, akaingia Bwana Ockenden, yule wa benki. Akafungua mdomo amsalimie. Si unajua wanavyosalimia? Akakumbuka. Akaufunga mdomo, akatazama viatu vyake hadi foleni ikaisha. Wote wanafanya hivyo sasa. Watasemaje? Wakisema jioni njema, wanamwimbia. Wakisema mvua imekatika, wanamwimbia. Hawana neno jingine, Russ. Hawajawahi kuwa nalo. Tumewanyang'anya."

Russell alikaza nyuzi za gitaa ambazo zilikuwa zimekazwa tayari. Kisha akaenda kwa Adrian, aliyekuwa akijipaka mafuta nyweleni mbele ya kioo, akamwekea kadi ya bia mezani, upande wa nyuma juu.

"Nini hii?"

"Nageuza. 'Jukwaa la Pili' usiwe kwenye albamu. Na tusiupige tena."

Adrian aliitazama kadi kwenye kioo, hakugeuka. "Kadi hugeuzwa siku ya kwanza, mzee. Huwezi kumuua mtu mzima ukasema ulikuwa unatoa mimba."

"Sheria haisemi siku ya kwanza."

"Sheria haisemi pia ungoje tufike namba sita. Clive! Unataka kurudi kuuza mazulia?"

"Hapana," Clive alisema kutoka mlangoni, bila kujua kinachozungumzwa.

"Umesikia? Na wewe, Russ, niambie ukweli, maana mimi sijawahi kukudanganya. Siku ile baa, hukuwa unajua?"

Russell alichukua gitaa lake. Waliitwa. Wimbo wa mwisho usiku ule ulikuwa ni huohuo, kama kawaida, na watu elfu mbili wa Sheffield waliuimba wakiwa wameinua mikono. Baada ya hapo hakulitaja tena jambo la kadi.

Machi 1994 kampuni iliamua kwamba picha ya jalada la albamu ipigwe palepale stesheni. Walichagua Jumapili asubuhi, treni zikiwa chache. Fenella alikuwa amekodi mwigizaji wa makamo, joho jeupe, kwa kuwa mpiga picha alisema buluu itafifia, na viti vya kukunja. Mashabiki wapatao thelathini walisimama nyuma ya uzio. Hadi saa nne mwigizaji hakuwa amefika. Gari lake lilikuwa limeharibikia barabara kuu.

"Mwanga unaniacha," alisema mpiga picha.

"Nipe dakika," alisema Fenella, na wakati huohuo akamwona mwanamke wa umri unaofaa akipanda ngazi za jukwaa na sanduku dogo, koti la kijivu limefungwa hadi shingoni. Alikuwa anakwenda Worthing kwa dada yake. Jumapili hakukuwa na treni iliyosimama katika ile stesheni nyingine.

Fenella alikuwa hajawahi kumwona. Wanabendi wote wanne walimjua.

"Samahani sana, mama," Fenella alisema, akimkimbilia huku akitabasamu. "Najua ni usumbufu. Tunapiga picha, mtu wetu amekwama njiani. Ungeweza kutusimamia pale kwa dakika kumi tu? Ni kuvaa hili joho na kutazama reli. Ungetuokoa kabisa."

Doreen alilitazama joho. Akawatazama vijana wanne, mmoja mmoja, kwa mpangilio waliokuwa wamesimama, na Russell alikuwa wa mwisho. Mashabiki kwenye uzio walikuwa wamenyamaza wasikie atakavyojibu. Mpiga picha alikuwa ameshika kamera kifuani, anangoja.

Ilikuwa nafasi ya kutosha. Hazel alimkazia macho Russell kiasi kwamba Clive naye akageuka kumtazama. Neno moja lingetosha, na si lazima liwe zuri. Russell alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Habari ya asubuhi, Mama," kwa sauti ndogo, kama anayemsalimia mteja.

"Nzuri, mwanangu," Doreen alisema. Kisha akamgeukia Fenella. "Kama itasaidia."

"Wewe ni malaika! Umewahi kusimama mbele ya kamera?"

"Siku ya harusi yangu."

Fenella alicheka sana. Doreen aliweka sanduku chini, akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya sanduku. Alivaa joho jeupe juu ya sketi na sweta. Mkanda ulikuwa umejikunja mgongoni, na mpiga picha akamwita kijana aliyekuwa karibu aunyooshe. Kijana aliyekuwa karibu alikuwa Russell. Alisimama nyuma ya mama yake, akaunyoosha mkanda, akaufunga. Aliona jinsi mifupa ya mabega ilivyotokeza kwenye sweta.

"Mama, si lazima," alinong'ona.

"Watu wanasubiri, Russell," alisema Doreen bila kugeuka.

Akasimama alipoonyeshwa. Mpiga picha alimwambia asogee kushoto, ainue kidevu, asitabasamu. Alifanya yote. Mashabiki walianza kuimba kiitikio taratibu, kwa kumtia moyo, wakidhani wanamsaidia mwanamke mgeni asiyezoea kamera.

"Tazama kule treni inapotokea, Bi. Tranter," Adrian alisema.

Fenella alimgeukia. "Tranter?" Akamtazama Russell, kisha mwanamke mwenye joho, kisha Russell tena. Tabasamu lilimtoka usoni, na kwa muda mfupi alionekana mtu mwingine kabisa. Mpiga picha akauliza kama wanaendelea au vipi.

"Tunaendelea," alisema Fenella. "Piga kadhaa zaidi. Huo uso usiupoteze."

Treni ya kwenda pwani ilipokaribia, Doreen alivua joho, akalikunja vizuri, akamrudishia Fenella, akamshukuru. Kwa nini alimshukuru, hakuna aliyeelewa. Alivaa koti lake, akachukua sanduku, akapanda. Hazel alikuwa analia waziwazi. Adrian alimwambia aende akanawe, picha za bendi zilikuwa bado.

Albamu ilitoka Jumatatu, tarehe 9 Mei, ikaingia namba moja. Jaladani alikuwepo mwanamke wa makamo, joho jeupe, jukwaa tupu, akitazama nje ya picha. Wahakiki walilisifu jalada hilo. Mmoja aliandika kwamba mwigizaji huyo, ambaye jina lake halikutajwa, ameigiza upweke kupita kiasi kidogo.

Nyumba ya Wickham Vale iliuzwa mwezi huohuo. Russell alipata habari kwa kupiga simu Jumapili na kujibiwa na mwanamume asiyemfahamu, aliyesema ndiyo, wamehamia jana, na kwamba gereji ni kavu ajabu. Alipiga Worthing. Mama yake mdogo ndiye aliyepokea.

"Doreen anakusalimu," alisema. "Amesema usijisumbue kuja."

"Naweza kuongea naye?"

"Amesema anajua una kazi nyingi."

"Mama mdogo, tafadhali. Mwite tu."

"Yuko hapa, Russell. Amekaa hapa pembeni yangu. Ametikisa kichwa." Sauti ya mama mdogo ikawa baridi. "Usipige tena mpaka upigiwe."

Hakupigiwa. Ijumaa ya pili ya Juni, lori dogo la mizigo lilisimama mbele ya ofisi ya kampuni ya kurekodi, mtaa wa nyuma huko Camden, na dereva akashusha maboksi manne kwenye njia ya miguu. Yalikuwa yameandikwa jina la Russell kwa mwandiko wa maktaba, ulionyooka. Russell aliyafungua palepale. Ndani zilikuwa nguo zake za zamani zimefuliwa na kupigwa pasi, vitabu vya shule, picha zake zote tangu mtoto zimetolewa kwenye albamu za familia na kufungwa kwa karatasi laini, na gitaa lake la kwanza. Alitafuta barua katika boksi la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Hakukuwa na barua.

Dereva alikuwa hajaondoka. Alisimama karibu na mlango wa lori, akikuna shingo.

"Samahani, kaka. Wewe ni wa ile bendi? Ya yule mama wa stesheni?"

"Ndiyo."

"Nilijua tu nilipoiona anwani. Binti yangu hatuachi tulale na huo wimbo." Akaingia ndani ya lori, akatoka na albamu mpya bado iko ndani ya nailoni, akaichana kwa meno. "Nisainie basi. Anaitwa Bryony. Hapa hapa, kwenye joho, ndiko kuna nafasi."

Russell alichukua kalamu, akasaini.